Robo ya Kidonge

Nina kipara tangu nikiwa na miaka thelathini na moja, na nimetoa dawa kwa miaka thelathini na sita, kwa hiyo msije mkadhani haya ninayoyaandika nimeyaokota kwenye simu. Hata hivyo nawatahadharisha mapema kwamba mengine mpaka leo siyaelewi. Nimestaafu, kila asubuhi napalilia kibanja changu hapa Izigo, na kadiri ninavyoyafikiria ndivyo yanavyozidi kunichanganya. Nawaandikia ninyi mnaosomea kazi hii sasa, pamoja na ninyi vijana wa kiume mnaojitazama kwenye kioo cha simu mkikagua paji la uso limefika wapi.

Kisa nitakachowasimulia ni cha kijana mmoja, mwalimu wa sekondari huko Ijumbi. Ameniruhusu nikisimulie kwa sharti nisimtaje, basi nimempa jina la Renatus, na mkewe nimemwita Jovitha. Marehemu baba yake alikuwa rafiki yangu, na kijana alipotaka kuoa, mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake. Nilikwenda Rubafu kwa wazazi wa binti mara tatu, nikasema yote yanayotakiwa kusemwa, nikatafuna punje za kahawa nilizokaribishwa, nikarudi na jibu zuri. Ila mshenga hamalizi kazi yake siku ya harusi. Ndoa ikipata homa, anaitwa yeye.

Kabla sijafika huko, lazima niwaambie jambo kuhusu wanaume na duka la dawa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja wa hospitali ya misheni, Ma Adelina, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza aliniambia: "Projest, mwanaume haji hapa kuumwa. Anakuja kununua." Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa nilipohamia duka la dawa pale Bukoba mjini. Mwanamke akiingia anakwambia kinachomsumbua, tena na cha jirani yake. Mwanaume anaomba panadol mbili. Anazipokea, anasoma matangazo ukutani, anaomba plasta. Anauliza kama mvua itanyesha. Wateja wakiisha, ndipo anasogea kaunta na kusema ana rafiki yake mwenye tatizo. Mmoja wa hapa hapa Izigo alinunua dawa ya minyoo mara tatu kwa wiki moja kabla rafiki yake huyo hajapata nafasi ya kutajwa.

Mimi mwenyewe niliharibu vibaya mwaka wangu wa kwanza dukani. Bwana mmoja alininong'oneza, nami nikamuuliza kwa sauti ile ile niliyozoea kuita majina ya wagonjwa hospitalini: "Unataka za nguvu za kiume?" Nyuma yake alisimama mama mkwe wake na chupa ya dawa ya kikohozi. Yule bwana aliondoka bila dawa, bila chenji, na kwa muda mrefu nikimkuta njiani alikuwa anavuka upande wa pili. Ma Adelina alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanifundisha namna ya kuuliza. Usimtazame usoni. Mpe kitu cha kushika, hata boksi tupu. Punguza sauti, lakini usinong'one, maana kunong'ona kunawaita watu. Halafu muulize swali moja: "Asubuhi mwili unaamka pamoja na wewe, au unaamka peke yako?" Akisema mwili unaamka, basi mara nyingi mashine ni nzima, na tatizo liko kwenye mawazo, pombe au nyumbani. Akisema hauamki, mpeleke kwa daktari apimwe sukari, presha, moyo na homoni. Swali hilo nimelitumia miaka yote, na halikuniangusha mpaka lilipokutana na Renatus.

Zamani nywele hazikuwa habari ya duka la dawa. Mtu akinyonyoka alipaka mafuta ya nyonyo, au juisi ya kitunguu, akakaa juani akinuka, na akichoka alinyoa zote na kusema ni kipara cha pesa. Mimi nilisema hivyo miaka mingi, ingawa pesa zenyewe sikuziona. Kisha simu zikaja. Vijana wakaanza kuingia dukani na picha ya kidonge kwenye kioo, wanainua simu, wanasema, "Mzee, hiki mnacho?" Hawataji hata jina. Mara ya kwanza kuonyeshwa picha ya finasteride nilidhani kijana amekosea, kwa sababu hiyo ndiyo dawa tuliyokuwa tunawapa wazee wa tezi dume ili mkojo upite vizuri. Nikamwambia: "Hii ni ya babu yako." Akanijibu kwamba babu yake ana nywele.

Nikaenda kuuliza. Daktari mmoja kijana pale mjini alikaa nami, akanichorea kwenye nyuma ya bahasha. Ipo homoni ya kiume, testosteroni. Mwili unachukua sehemu yake na kuigeuza kuwa nyingine yenye nguvu zaidi. Hiyo nyingine ndiyo inayokuza tezi ya mzee, na ndiyo inayodhoofisha mizizi ya nywele za utosini. Kidonge kinazuia ule ugeuzaji. Mpaka hapo nilimfuata. Akaendelea kusema kwamba homoni hiyo hiyo inayonyonyoa kichwa ndiyo inayootesha ndevu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza inajuaje kama iko kichwani au kidevuni. Akasema hilo ni swali zuri, na wenzangu mnajua daktari akisema swali ni zuri maana yake ni nini.

Renatus alikuja miezi miwili kabla ya harusi. Alikuwa amevaa kofia ya kapelo, akaivua, akainamisha kichwa mbele ya kaunta ili nione. Kweli, utosini palikuwa peupe kidogo. Mimi niliona ni kawaida, lakini yeye alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Akaniita baba, kwa Kihaya chetu, akasema: "Tata, picha za harusi zinakaa ukutani miaka yote." Akanionyesha kidonge kwenye simu.

Hapa ndipo penye kosa langu, na nataka mlisome taratibu. Dawa ile inahitaji cheti cha daktari. Sikumdai cheti, kwa sababu alikuwa kama mwanangu. Dozi ya nywele ni miligramu moja, na hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na za wazee, miligramu tano. Basi nikafanya tulichozoea kufanya kwenye kazi yetu: nikachukua wembe, nikakata kila kidonge vipande vinne, nikavitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika juu 1 x 1. Mnaojua kukata vidonge kwa wembe mnajua vipande vinne havilingani hata siku moja. Kimoja kinatoka kikubwa, kimoja unga. Nikampa akaenda. Na ile karatasi ya maelezo, iliyokunjwa mara nane, ikabaki kwenye boksi. Ndivyo tulivyouza, kwa kukata. Mteja anataka kumi, unamkatia kumi kwa mkasi, na maelezo yanabaki dukani hadi boksi liishe, kisha yanachomwa pamoja na boksi. Nimechoma maelezo mengi sana maishani mwangu.

Sikumwambia kwamba dawa hiyo kwa wanaume wachache inapunguza hamu ya tendo la ndoa, au inafanya mwili ushindwe kusimama. Sikumwambia kwamba wengine hupata huzuni isiyoeleweka, na akiiona huzuni hiyo aache na amwone daktari. Sikumwambia kwamba kidonge kilichokatwa au kusagwa hakitakiwi kuguswa na mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba, maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Nilikuwa nampa bwana harusi, jamani. Nilimwambia tu ameze baada ya chakula, na hata hilo halikuwa la lazima.

Harusi ilifana. Picha zilitoka nzuri. Renatus aliendelea kuja kila mwezi kuchukua bahasha yake, na nywele, niseme ukweli, ziliacha kupungua. Mwezi wa pili baada ya harusi alikuja kabla bahasha yake haijaisha. Aliomba panadol mbili. Akasoma matangazo ukutani. Akaomba plasta. Akauliza habari za mvua. Nami niliyewasoma wanaume mia kwa mtindo huo huo, nilimjibu habari za mvua. Wateja waliisha, tukabaki wawili, nikaanza kumwuliza habari za walimu wenzake. Alikaa kidogo, akaaga. Sijui nilikuwa wapi siku ile. Labda mtu hawezi kumsoma aliye wake, au labda sikutaka kusoma.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikwenda sokoni akanunua mulondo, ile mizizi ambayo wanaume wa kwetu hutafuna wakitaka kujiamini, akatafuna wiki tatu. Kisha akapata vidonge vya bluu, vile vya nguvu za kiume, duka jingine, mbali, ambako hakuna anayemjua. Moyo ulimwenda mbio, ikabidi ajilaze chini darasani mbele ya kidato cha pili. Akaviacha. Kidonge changu aliendelea nacho wakati wote huo. Haikumpitia akilini kwamba dawa ya kichwa inaweza kufika huko chini.

Kikao kiliitishwa Jumamosi moja mchana, nyumbani kwa Renatus kule Ijumbi. Kutoka Rubafu walikuja baba yake Jovitha, Ta Sylvery, mzee mrefu wa koti jeusi, na shangazi yake Jovitha. Mimi niliitwa kama mshenga. Nilidhani ni ugomvi mdogo wa wageni wa ndoa, fedha za matumizi au dada wa mume. Kahawa ikazunguka, kila mmoja akachukua punje zake akatafuna. Shangazi ndiye aliyesema, kwa sababu kwetu mambo ya chumbani baba hayatamki.

"Huyu bwana hamgusi mtoto wetu. Mwezi wa tatu huu. Anageukia ukutani. Sasa mwanaume mzima, kijana, mwenye mshahara, kama hamgusi mkewe, yupo anayemgusa. Mimi nauliza tu, waitu, jamani, yupo au hayupo?"

Jovitha alikuwa ameketi kwenye mkeka akitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtetea, kwamba ni kazi nyingi, mitihani, kusahihisha. Kabla sijafungua mdomo alisema: "Yupo."

Mzee Sylvery alimwuliza arudie. Akarudia. "Yupo, tata. Nimekosa."

Jovitha hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na begi, akatembea mbele ya baba yake hadi barabarani. Shangazi alisema maneno kadhaa ya Kihaya ambayo siwezi kuyaandika. Nikabaki na Renatus na kikapu cha kahawa. Nilikuwa na hasira, nawaambieni. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wale Rubafu nikasema kijana huyu ni mtulivu.

Tulitoka tukaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikamwuliza mwanamke mwenyewe ni nani. Akasema hayupo.

"Hayupo vipi? Umesema yupo mbele ya mkweo."

"Ningesema nini, tata? Kwamba sina nguvu? Mbele ya mkwe? Mwanaume mwenye mwanamke wa nje wanamlipisha faini, wanamsema, yanaisha. Mwanaume asiye na nguvu wanamwimba."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anafundisha. Nikamuuliza swali la Ma Adelina, asubuhi mwili unaamka pamoja naye au anaamka peke yake. Akafikiri. Akasema siku nyingine unaamka, siku nyingine hauamki, na siku ukiamka yeye mwenyewe anakuwa na wasiwasi hadi unalala tena. Jibu hilo halikuwemo kwenye mafunzo yangu. Nikauliza ilianza lini. Akasema kama mwezi mmoja baada ya harusi, au kabla kidogo. Nikauliza anakunywa dawa gani. Akataja mulondo, akataja vya bluu. Cha kwangu hakukitaja. Ilibidi nikitaje mimi.

Jumatatu nilifungua boksi, nikaitoa ile karatasi, nikavaa miwani. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuisoma hadi mwisho. Yote yalikuwemo, kwa herufi ndogo. Nilikwenda kwa yule daktari wa bahasha, nikamweleza bila kutaja jina. Nilitaka aniambie ni kidonge au si kidonge. Akasema inawezekana ni kidonge. Inawezekana pia ni hofu ya bwana harusi, ambayo ameiona kwa wengi wasiomeza chochote. Akasema wengi wakiacha hali inarudi, wachache wanasema haikurudi kwa muda mrefu, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Akasema pia kwamba mtu akionywa kuhusu madhara hayo huyapata zaidi kuliko asiyeonywa. Nikafurahi kidogo: mimi sikumwonya, basi haiwezi kuwa hofu, basi ni kidonge, basi ni mimi. Halafu nikashangaa ninafurahia nini. Na nilipomwuliza Renatus, kumbe mwezi wa kwanza wa ndoa alikuwa ameshasoma kuhusu madhara hayo kwenye simu, akayapuuza. Alisoma kabla ya tatizo au baada? Hakumbuki. Anasema ilikuwa wiki ile ile.

Mtaniuliza kama alipoacha dawa alipona. Alipimwa damu, homoni zote zikaonekana sawa, na daktari alisema sawa hiyo haithibitishi wala haikanushi. Baada ya miezi kadhaa aliniambia kuna wiki nzuri na wiki mbaya, na nzuri zimeanza kuzidi. Lakini katika miezi hiyo hiyo aliacha pia mulondo na vya bluu, na aliacha kusema uongo. Nani ajuaye kilichomponya ni kipi? Nywele zilianza kupungua tena, hilo ndilo jambo pekee katika kisa hiki nililoliona kwa macho yangu na kulielewa.

Narudi nyuma kwenye wiki ile ya kikao. Nilikuwa na siri ya mteja, na siri ya mteja haitoki dukani, hilo Ma Adelina alinifundisha kwa kunichapa vidole. Lakini pia nilikuwa mshenga, na ndoa niliyoisimamia ilikuwa inakufa kwa uongo ninaoujua. Sikulala vizuri. Mwishowe nilimpigia simu Renatus, nikamwambia: "Ugonjwa wako ni wako, sina haki ya kuusema. Kosa langu ni langu, nina haki ya kulisema. Mimi nakwenda Rubafu kusema nilikuuzia dawa bila cheti na bila maelezo. Wakiuliza dawa ya nini, nitanyamaza, na wewe utakuwa umekaa karibu yangu uamue." Alikataa. Siku ya pili akakataa tena. Siku ya tatu alinikuta stendi, amenyoa kichwa chote, amebeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, cha kuombea radhi.

Tulifika Rubafu kabla ya saa sita. Ta Sylvery alitupokea kwa adabu iliyopoa, tukakaa. Mkewe, Ma Verdiana, alikaa karibu na mlango akimenya ndizi. Jovitha aliitwa, akaketi mbali na mumewe. Nikajieleza. Nilisema nimetoa dawa miaka mingi na kwamba nilimpa kijana huyu dawa ambayo inaweza kuwa imemdhuru, wala sikumwambia. Mzee akauliza imemdhuru wapi. Nikasema mwili ulikataa kazi.

"Kazi gani? Si anafundisha kila siku?"

Nikaangalia chini. Renatus akakohoa, kisha akasema mwenyewe, akimtazama mkewe, si mkwe. Alisema hakuna mwanamke. Hajawahi kuwepo. Alisema mwili wake haukumtii tangu mwezi wa kwanza, akaona aibu, na siku ya kikao aliona ni rahisi kuitwa mzinzi. Alisema dawa ilikuwa ya nywele.

"Ya nywele," alisema Jovitha.

"Ya nywele."

"Afadhali mwanamke angekuwepo," alisema Jovitha. "Mwanamke ningejua nimekosa nini. Umeniacha nikae miezi mitatu nikijinusa, nikijikagua, nikimwuliza shangazi kama nina kasoro. Ukanipitisha mbele ya baba yangu na begi. Kwa ajili ya nywele."

Nilijua ndoa imekwisha pale pale, na kwamba wembe wangu ulikuwemo. Nilianza kutafuta maneno ya kuaga.

Ta Sylvery alikuwa amekunja uso muda wote, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Aliuliza: "Hiyo dawa inaitwaje?"

Nikamtajia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa pakiti ya vidonge iliyokatwa kwa mkasi, akanipa. "Ni ndugu ya hizi? Hizi ni za mkojo. Nilipewa hospitali."

Nilizigeuza nikasoma nyuma. "Si ndugu, mzee. Ndizo zenyewe."

"Yeye alikuwa anakunywa ngapi?"

"Robo. Kwa siku."

"Robo," alisema mzee. "Mimi nakunywa nzima. Mwaka wa tatu."

Kisu cha Ma Verdiana kilisimama juu ya ndizi. Nilimwahi mzee haraka, nikamwambia asiache dawa yake mwenyewe bila daktari, maana mkojo ukiziba ni hatari, na kwamba kwa umri wake inaweza kuwa si dawa, inaweza kuwa presha, inaweza kuwa miaka tu, na hata mimi sijui. Nilisema maneno mengi. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

"Miaka mitatu," alisema Ma Verdiana, na hakuwa anamwambia mtu. "Nilihamia chumba cha wajukuu. Nikaacha kumsalimia yule mjane wa ng'ambo ya barabara. Kanisani nikahama kiti, nisije nikapeana naye mkono wa amani." Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua nini? Nilidhani ni uzee."

"Ungesema ni uzee."

Mzee alizirudisha zile dawa mfukoni, akaukosa mfuko mara mbili. Hakuna aliyecheka, ingawa nimesimulia kisa hiki mara nyingine na watu wakacheka. Jovitha alimtazama mama yake kwa muda mrefu, akamtazama baba yake, kisha akainuka na kuingia ndani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Alitoka na begi lile lile, akalivuta zipu mbele yetu sote.

"Umemsamehe?" baba yake aliuliza.

"Sijamsamehe, tata. Nitagombana naye nikiwa kwangu, hata mwaka mzima. Ila kuishi miaka mitatu kama mama siwezi."

Akamuaga mama yake kwa magoti, akapita mlangoni na kuanza kushuka kuelekea barabarani bila kugeuka. Renatus alibaki amekaa na kibuyu chake cha rubisi mapajani, hajui kama ameitwa au ameachwa, mpaka nilipomshika bega nikamwambia ainuke, amfuate mkewe, amsaidie begi.